Mtoto wa nyoka haumi kwa chuki

Malindi ukitaja nyoka wa kufugwa, hukawii kujibiwa: mwana wa nyoka ni nyoka. Ndiyo maana nyoka mchanga anayerukia kila mkono huambiwa ana roho mbaya, na dawa inayotajwa ni kumbana kwa nguvu mpaka achoke.

Hana kinyongo. Anaogopa. Kinachomjia kutoka juu, kwake ni mwewe, na mkono wako hutokea huko huko. Mtazame: shingo imejikunja kama herufi S, mkia unatetemeka, anafoka. Hapo anaomba nafasi. Ukimbana hadi atulie, umemchosha tu. Kesho ataanza upya, pengine kwa ukali zaidi.

Wiki ya kwanza mwache ajifiche. Akishakula, usimguse kwa siku 2, la sivyo huenda akatapika mlo wote (na harufu yake si ya mchezo). Macho yakiingia ukungu, anakaribia kujivua gamba na haoni vizuri, mwache pia. Siku nyingine mguse mgongoni kwa kijiti kwanza ajue upo, kisha mwinue kutoka ubavuni, umebeba mwili wote, kwa dakika chache. Kichwa usikishike. Atakuzoea, kukupenda ni habari nyingine.

Haya ni ya nyoka asiye na sumu, anayefugwa kwa kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Uliyemkuta kwenye makuti ya paa hayumo: kaa mbali, waite wajuzi. Watamu kipo kituo cha Bio-Ken, kinachoshughulika na nyoka tangu 1980.