Choo kikiziba usiflashi tena, subiri kwanza

Juzi Jumamosi napigiwa simu na mama mwenye nyumba huku Mbagala, nyumba ya vyumba sita, wapangaji wote wanashea choo kimoja, ananiambia fundi choo kinarudisha. Mimi swali langu la kwanza siku zote ni moja, mmeshaflashi mara ngapi? Akasema sijui, mara tano hivi, tulijua maji yatasukuma. Haya bwana. Nafika nakuta chemba ya kwanza imejaa mpaka mfuniko unavuja pembeni, nikaingiza waya nikazungusha nikavuta, kikatoka kitu kinene kama kamba ya jahazi, yani rasta za kusukia zimejisokota na waipsi za mtoto, katikati pedi mbili zimevimba, na yote imegandishwa pamoja na mafuta ya kupikia. Mama kashika pua ananiuliza, kwani hivyo vitu si vilishaenda?

Vilienda ndio, ila havikufika.

Watu wengi wanadhani kitu kikishapotea kwenye sinki la choo basi kimekwisha. Sasa angalia, njia ya ndani ya sinki, pale lilipojikunja ili maji yakae yazuie harufu, ni nyembamba, inchi 2 na kidogo tu. Ikitoka hapo ndo inaingia kwenye bomba la inchi 4, na hilo bomba halina mashine ya kusukuma, linategemea mteremko, kama sentimita 2 na nusu kila mita, na maji uliyomwaga. Kwa hiyo ukiniuliza hiki kinapita? mi nakwambia hilo sio swali. Karibu kila kitu kinapita pale juu. Swali ni kikiwa ndani ya maji kinasambaratika au kinabaki vilevile?

Kinyesi kinasambaratika, mkojo ni maji, tishu ya chooni imetengenezwa makusudi ilainike na kuachana. Vitu ni hivyo vitatu, orodha imeisha. Mengine yote hata kama ni laini kama pamba usitupe, na pamba yenyewe usitupe.

Kama unabisha chukua chupa mbili za maji, moja weka kipande cha tishu ya chooni nyingine weka waipsi, tikisa uache usiku kucha. Asubuhi kwenye chupa ya kwanza utakuta uji, waipsi ya chupa ya pili unaweza kuifua ukaanika. Hata ile pakiti walioandika kwamba unaweza kuflashi, jaribu kwanza kwenye chupa kabla hujaamini maandishi. Tishu za jikoni na zile za mezani hotelini nazo zimetengenezwa zisilainike zikilowa, ndo maana unafutia nazo supu, sasa ukizitupa chooni unategemea nini?

Pedi na pampasi ndo balaa zaidi maana ndani zina zile chembechembe zinazonyonya maji zikawa jeli. Kazi yake ni kuvimba, na ndani ya bomba inaifanya kazi yake vizuri tu. Hapa nna ugomvi na sisi wanaume wenye nyumba. Choo cha wapangaji kumi hakina hata kindoo, dada wa watu aitoe pedi mkononi apite nayo uani mbele ya vijana wanacheza bao? Si ataitupa tu. Yule mama wa Mbagala alitaka niziache pale kwenye chemba awaite wapangaji wote aulize za nani. Nikakataa, nikatia kwenye mfuko mweusi nikafunga, nikamwambia mama angu nunua ndoo yenye mfuniko uweke mle ndani, bei yake haifiki hata robo ya hela unayonilipa leo. Kondomu ni hivyohivyo, mpira hauozi upesi, unajaa hewa unaelea kwenye shimo.

Mafuta ya chapati yanaingia yakiwa maji, yakipoa huko ndani yanashika ukutani, kila kinachopita kinaganda hapo. Usidhani ni shida ya uswahilini tu, London mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, walikuta bonge la mafuta na waipsi refu mita 250, uzito makadirio tani 130. Makoko na ugali uliolala tupia kuku, au jalalani.

Sasa sisi wengi Dar hatujaunganishwa kwenye mabomba ya maji taka ya mji, tuna shimo letu wenyewe uani, kwa hiyo kila unachotupa unajitupia mwenyewe. Kwenye lile tenki la shimo, maji taka yanapoingilia, kuna vijidudu vinavyokula uchafu, tope linakaa chini, mafuta yanaelea juu, maji ya katikati yanaenda shimo la kunyonya. Ukimwaga Jiki chupa nzima kila wiki unaviua hivyo vijidudu, tope linajaa haraka na unaita gari la kunyonya kabla ya wakati. Kidogo cha kusafishia haina neno. Ila usiichanganye kabisa na ile dawa kali ya asidi ya kuondoa madoa, inatoa gesi inaumiza mapafu. Vidonge vilivyoisha muda pia usimwage humo, hasa kama una kisima karibu.

Halafu kuna mafundi vigae, ndugu zangu mnisamehe, mnaosha ndoo ya gundi na saruji kwenye choo kipya cha mteja. Ikiganda pale sinki linapojikunja, hiyo haizibuki, ni kuvunja sakafu. Nyumba mpya ikiziba kabla watu hawajahamia mimi naulizia fundi vigae kwanza.

Kikiziba basi usiflashi tena, maji yatapanda mpaka sebuleni. Funga koki ya tenki la maji la juu, fungua chemba uangalie: ikiwa tupu basi kizuizi kipo kati ya sinki na chemba, ikiwa imejaa kipo mbele. Hiyo peke yake inaniokolea nusu saa. Na usikimbilie kumwaga magadi makali ya kuzibulia, yale yanayeyusha mafuta na nywele za kichwani, rasta ni plastiki haziyeyuki, pedi nayo wala, dawa inabaki imetuama pale inanisubiri mimi nivute waya inirukie usoni. Kama umeshaimwaga we niambie tu kwenye simu, sitakugombeza, nije na miwani.