Je, wajua kwa nini ndege aitwaye kekeo zumaridi hung'aa kijani, mara akaonekana mweusi?

Ukiingia Hifadhi ya Taifa Arusha kwa lango la Ngurdoto, unapokewa na msitu mnene wenye mbega na, msimu wa kuzaliana ukifika, mluzi wa sauti nne unaorudiwa tena na tena kutoka juu kabisa mitini. Mwenye mluzi ni kekeo zumaridi dume. Urefu wake ni sentimeta 20 hivi, kijani cha kumeremeta kichwani mpaka kifuani, tumbo la manjano iliyokolea. Akihamia kivulini, kijani chote hutoweka, ukadhani umeona ndege mweusi.

Sababu ni kwamba ndani ya manyoya yake kijani hicho hakimo. Kilichomo ni vipunje vya melanini, ileile inayotia weusi kwenye nywele zetu, vimepangwa tabaka kwa tabaka ndani ya keratini, dutu iliyojenga manyoya na kucha. Mwanga ukigonga, sehemu yake hurudishwa na tabaka la juu, sehemu nyingine na matabaka ya chini. Mawimbi ya kijani yanapokutana huongezeana nguvu. Ya rangi nyingine hufifishana. Ni kama utando wa petroli kwenye dimbwi la gereji: petroli haina rangi zile, unene wa utando ndio unaozitoa. Jua likikosekana, inabaki melanini, nayo ni nyeusi. Hata ukiusaga unyoya ukawa unga, kijani hukioni tena.

Aliye chini ya mti huona tumbo tu, na manjano yake huchanganyika na majani yaliyopigwa jua. Ndiyo maana wengi humsikia bila kumwona. Mimi ningemtafuta asubuhi ukingoni mwa kreta ya Ngurdoto, unapoweza kuitazama miti kwa juu.

Jike hana mng'ao huo mwingi. Mgongo wake una michirizi ya kahawia na kijani, tumbo jeupe lenye mistari, na nadhani vazi hilo linamfaa mwenye kunyemelea viota vya wenzake. Hajengi chake, hutaga kwenye viota vya ndege wengine wadogo. Kinda akianguliwa, angali uchi na hajafumbua macho, huyasukuma nje mayai au makinda ya wenye kiota, kisha akalishwa peke yake na wazazi walioibiwa. Akikua dume, hupiga mluzi uleule wa sauti nne, ingawa waliomlea hawaujui.