Taa ya Pikapu Ikizima, Usikimbilie Kirinyaga Road

Kwa miezi miwili wapakuzi wa soko la Marikiti, Nairobi, waliiita pikapu yangu "Jicho Moja". Taa ya kulia ilikuwa inawaka ikipenda. Leo inang'aa, kesho ina wekundu wa kaa la jikoni, keshokutwa imezima kabisa. Mimi hutoka Kinangop na kabeji saa nane usiku, nikakata ukungu wa Kimende. Na hapa kwetu tunakoendesha kushoto, heri ikufe ya kushoto kuliko ya kulia: anayekuja huona kataa kamoja kule ukingoni mwa barabara, akadhani ni bodaboda, akajiachia katikati.

Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu tayari. Nayaandika hapa kwa kuwa karibu yote niliyaamini, na mengine niliyalipia.

"Taa imezima, basi balbu imeungua."

Mara nyingi ni kweli, ndiyo maana dhana hii haifi. Balbu ya H4, iliyo kwenye pikapu nyingi za zamani, ina nyuzi mbili ndani yake, ya dimu (mwanga wa chini) wati 55 na ya fulu (mwanga wa mbali) wati 60, na pini tatu kwa nyuma. Ikiwa dimu imekufa na fulu ya upande uleule inawaka vizuri, balbu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Dimu na fulu zikipotea pamoja upande mmoja, hapo anza kushuku fyuzi, soketi au waya.

Kuna kipimo kisicho na gharama: ng'oa balbu ya kulia uipeleke kushoto. Ikiwaka huko, ni nzima, rudisha pesa mfukoni. Shika kwenye kitako chake, usiguse kioo, kwa sababu mafuta ya vidole yakipata joto la halojeni huharibu kioo na balbu haikai. Mimi sikupima. Nilishuka Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri Nairobi, mara tatu, nikarudi na balbu tatu.

"Testa imewaka, kwa hivyo umeme unafika."

Hii ndiyo iliyonila. Fundi alichomeka testa, kile kijitaa cha kupimia umeme, kwenye soketi, ikawaka, akasema, "Mzee, waya ziko sawa, ni hizi balbu zenu feki." Hakusema uongo kuhusu alichokiona. Lakini kijitaa cha testa hunywa umeme kidogo sana, na multimita, kipima volti, ndiyo hainywi karibu chochote. Balbu ya wati 60 kwenye volti 12 inataka ampea 5. Waya uliobakia nyuzi mbili tatu, au soketi yenye ukoko wa kijani, utawasha testa bila shida na bado ushindwe kulisha balbu.

Ndiyo maana unapima balbu ikiwa imechomekwa na taa imewashwa, ncha za multimita zikiingia kwa nyuma ya soketi. Weka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye pini inayoleta umeme. Kisha pima pini ya ethi, inayorudisha umeme kupitia bodi, dhidi ya hasi ya betri. Mahali pazima utasoma sehemu ndogo tu ya volti moja. Ukiona nusu volti na zaidi, umeme unapotelea hapo.

Yangu, upande wa ethi, ilisoma volti 3 na ushee. Umeme ulikuwa ukienda vizuri tu, ila haukuwa na njia ya kurudi. Mwaka uliopita niligongwa kidogo pale mbele, madigadi ikanyooshwa na kupakwa rangi, na bolti ya ethi ikafungwa juu ya rangi mbichi. Rangi haipitishi umeme. Nilikwangua kwa msasa hadi bati likang'aa, nikafunga, nikapaka grisi juu. Robo saa!

Kuna mtego hapa. Katika pikapu kadhaa za Kijapani, Hilux za zamani zikiwemo, swichi iko upande wa hasi: pini ya pamoja ya balbu hubeba chanya, na swichi ndiyo inayofungulia njia ya kurudi. Fundi asiyelijua hilo ataona umeme mahali alipotarajia ethi, aanze kukata waya. Mwulize kabla hajashika koleo.

"Taa hafifu ni betri."

Betri haichagui upande. Taa moja ikififia na mwenzake inang'aa, tafuta kwenye soketi na ethi ya upande huo. Zikififia zote mbili gari likinguruma bila kukanyagwa, kisha ziking'aa ukipiga resi, tazama mkanda wa alteneta (inayochaji betri) na alteneta yenyewe. Injini ikiwa inazunguka, betri inatakiwa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi. Na mwanga huanguka haraka kuliko volti: punguza volti kwa asilimia 10, utapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga.

"Fyuzi ikikatika tena, weka kubwa."

Au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ambayo nimeiona kwa macho yangu. Fyuzi hulinda waya. Ukitoa ya buluu ya ampea 15 ukaweka ya kijani ya 30, siku waya ukigusa bodi utakaoyeyuka ni waya wenyewe, huko nyuma ya dashibodi usikofika. Fyuzi inayokatika kila mara inakuonyesha kwamba kuna waya uliochunika. Fuata mkungu wa waya unapopita kwenye matundu ya bati na nyuma ya grili.

"Weka za wati 100, au LED, uone mwanga."

Wati 100 ni ampea 8 na zaidi, kupitia soketi na swichi zilizotengenezewa 5. Soketi hugeuka kahawia, kisha inanuka. Za LED hazichomi waya, lakini kioo cha nyuma ya taa kilipimwa kwa uzi wa halojeni ulio mahali pake hasa. Chanzo cha mwanga kikibadilika umbo, mwale hutawanyika: wewe unaona weupe mwingi hapo karibu, mwenzako anapofuka.

Dawa ya meno kwenye lenzi iliyokuwa ya manjano? Inasaidia kwa wiki chache. Plastiki hiyo ilikuwa na ngozi ya kuikinga na jua, nayo ikishaisha, manjano hurudi.

"Anayeniwashia fulu ana kiburi tu."

Nami nilifikiri hivyo, hasa pale Waiyaki Way kabla hakujapambazuka. Kumbe kabeji. Mzigo ukishusha nyuma ya pikapu kwa sentimita 10, na magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana mita 3, mwale umbali wa mita 30 unapanda mita nzima. Dimu yako imekuwa fulu bila wewe kugusa swichi. Utapita ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, mchana, gari tupu, na usiku uwe kero. Simamisha gari mahali tambarare mbele ya ukuta, uweke alama ya mwale likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo. Kama kuna kigurudumu cha kushusha taa kwenye dashibodi, kazi yake ndiyo hiyo. Kama hakuna, geuza skrubu za taa kwa kufuata mzigo unaoubeba siku nyingi.

Balbu zile tatu zilikaa kwenye droo ya dashibodi. Moja nilimpa jirani ambaye gari lake linatumia H4 hiyohiyo. Yake ilikuwa imeungua kweli.