Ushindi 16: Kwa Nini Kombe la Stanley Ni Gumu Kulitwaa

Usiku wa tarehe 30 Aprili 2023, mjini Boston, zilikuwa zimebaki sekunde 59 mchezo wa saba na wa mwisho kati ya Boston Bruins na Florida Panthers umalizike, na Boston walikuwa mbele kwa mabao 3 kwa 2. Florida, maji yakiwa yamewafika shingoni, walikuwa wamemtoa kipa wao na kumwingiza mshambuliaji wa ziada, lango likabaki tupu nyuma yao. Beki Brandon Montour akapiga, paki, kile kisahani kinachochezewa hoki, ikatinga wavuni, mabao yakawa sawa. Katika dakika ya tisa ya muda wa nyongeza Carter Verhaeghe akafunga la nne. Hivyo ndivyo ilivyong'olewa, katika raundi ya kwanza kabisa, timu iliyokuwa imeshinda michezo 65 kati ya 82 na kukusanya pointi 135, rekodi ambayo hakuna timu iliyokuwa imewahi kuifikia katika historia ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini. Waliowang'oa walikuwa na pointi 92, na walikuwa wameponea chupuchupu: wangepungukiwa na pointi 2 tu, hatua ya mtoano wangeitazama kwenye televisheni.

Kazi yangu ni takwimu za michezo. Msimu ule hesabu zangu ziliiweka Boston juu ya timu zote, na hadi leo siamini kwamba zilikosea. Boston ndiyo iliyokuwa timu bora. Ninachotaka kueleza ni kwa nini ubora wa kiwango hicho, katika mchezo huu, unaweza kuwa mkubwa na wa kweli na bado usimfikishe mtu kwenye Kombe la Stanley, taji la bingwa wa NHL.

Msomaji aliyezoea soka huenda akashangazwa na utaratibu wenyewe kabla ya kushangazwa na matokeo. Katika Ligi Kuu ya Tanzania, kama ilivyo Uingereza, timu inayomaliza michezo yote ikiwa kileleni mwa msimamo ndiyo bingwa, mjadala umekwisha. Katika NHL, michezo 82 inayochezwa kuanzia Oktoba hadi Aprili ni ya kutafuta tiketi tu. Timu 32 huchujwa zikabaki 16, na hapo hesabu ya pointi huwekwa kando. Zilizobaki hukutana mbili mbili, na inayotangulia kushinda michezo 4 kati ya 7 ndiyo inayosonga mbele. Raundi ni nne. Kwa hiyo bingwa ni lazima ashinde michezo 16, na anaweza kulazimika kucheza hadi 28, mara nyingi akipumzika siku moja tu kati ya mchezo na mchezo, kwa muda wa miezi miwili. Timu inayoongoza msimamo wa msimu wa kawaida hupewa tuzo yake, Presidents' Trophy, iliyoanzishwa msimu wa 1985-86. Tangu hapo hadi msimu wa 2024-25, ni mara 8 tu ambapo mwenye tuzo hiyo alilibeba na Kombe la Stanley katika mwaka huohuo, na mara ya mwisho ilikuwa Chicago, mwaka 2013.

Hesabu yake si ngumu, na ningependa msomaji aifuate kwa sababu ndiyo kiini cha jambo lote. Tuchukue timu nzuri, ambayo kila inapoingia uwanjani ina uwezekano wa asilimia 55 wa kushinda, hata mpinzani awe nani. Katika mfululizo wa michezo 7, uwezekano wake wa kusonga mbele ni karibu asilimia 61. Lakini sharti la kombe ni kuvuka mara nne mfululizo, na asilimia 61 ikizidishwa kwa yenyewe mara nne hushuka hadi karibu asilimia 14. Tuipandishe sasa iwe timu ya kutisha, yenye asilimia 60 katika kila mchezo dhidi ya kila mpinzani, jambo ambalo ni nadra sana katika hatua ya mtoano. Hiyo itavuka raundi moja kwa asilimia 71, na kombe italipata kwa asilimia 25. Kwa maneno mengine, hata timu inayowazidi wapinzani wote kwa kiasi kikubwa namna hiyo italikosa kombe mara 3 katika kila mara 4. Aliyewahi kucheza ludo anajua maana yake: kuitaka sita si kuipata, hata ukiwa na haraka kiasi gani.

Swali linalofuata ni kwa nini timu bora haipandi kufika asilimia 80 au 90. Katika mpira wa kikapu wa kulipwa, kila timu hufunga zaidi ya pointi 100 kwa usiku mmoja, na katika vikapu vingi hivyo bahati ya huku hufidiwa na bahati ya kule, ubora ukajitokeza. Katika hoki, kila timu hupiga mashuti karibu 30 na kufunga mabao karibu 3. Mchezo unaoamuliwa na vitu vitano au sita tu hauupi ubora nafasi ya kutosha ya kujionyesha, na kimoja kati ya vitu hivyo kikitokea kwa ajali, matokeo yote yamegeuka.

Na ajali zenyewe ni nyingi. Paki ni kisahani cha mpira mgumu, upana wake sentimita 7.6, unene sentimita 2.5, uzito wake kama gramu 170. Kabla ya mchezo hugandishwa ili isiwe inadundadunda. Ukiishika ikiwa imetoka kwenye friza, ni kama kijiwe cha mtoni alfajiri, baridi na nzito kuliko ulivyodhani, na ukingoni ina vijichoro vinavyokwaruza kidole. Beki akiipiga kutoka mbali inaweza kuzidi kilomita 150 kwa saa, nayo hupita katikati ya miguu, magongo na miili ya watu sita au saba waliosongamana mbele ya kipa. Ikigusa ncha ya gongo la mmoja wao, hata awe beki wa upande wa kipa mwenyewe, hubadili njia kwa upana wa kiganja, na kipa huwa ameshajitupa upande mwingine. Waliowahi kukanyaga barafu ya ule uwanja mdogo ulio ndani ya hoteli kando ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ambako timu ya Ice Lions ya Kenya ilianzia, watanielewa mara moja: juu ya barafu hakuna kinachobaki pale ulipokiacha.

Kisha kuna kipa, mtu mmoja mwenye uzito katika matokeo kuliko mchezaji mwingine yeyote ninayemjua katika michezo ya timu. Kipa anayeokoa mashuti 90 katika kila 100 ni wa kawaida. Anayeokoa 93 kwa miezi miwili ni msiba kwa wapinzani, kwa maana kwa mashuti 30 ya usiku mmoja tofauti hiyo inakaribia bao zima, na mechi nyingi za mtoano huamuliwa kwa bao hilohilo. St. Louis Blues walianza Januari 2019 wakiwa mkiani mwa ligi nzima. Mwezi huohuo walimpa nafasi ya kuanza kipa mgeni katika ligi, Jordan Binnington, na Juni wakalinyanyua kombe kwa mara ya kwanza tangu klabu yao ijiunge na ligi mwaka 1967. Sisemi kwamba kipa peke yake ndiye aliyelileta. Ninasema kwamba bila yeye, mazungumzo yangekuwa mengine.

Mchezo wa mtoano ukiisha kwa sare hakuna mikwaju ya penalti. Wanaendelea kucheza vipindi vizima vya dakika 20 hadi mmoja afunge. Tarehe 24 Machi 1936 Detroit na Montreal Maroons waliingia katika kipindi cha sita cha nyongeza kabla ya Detroit kupata bao pekee la usiku ule. Agosti 2020, Tampa Bay Lightning walihitaji vipindi vitano vya nyongeza kuwafunga Columbus Blue Jackets 3 kwa 2, katika mchezo ambao kipa wa Columbus, Joonas Korpisalo, aliokoa mashuti 85, rekodi ya ligi, na bado akatoka ameshindwa.

Kuhusu miili ya wachezaji nitasema machache, kwa sababu ni sehemu inayosimuliwa sana na kwa fahari ambayo mimi siioni. Wakati wa mtoano klabu huficha majeraha. Taarifa husema tu kwamba fulani ana maumivu ya sehemu ya juu au ya chini ya mwili, ili mpinzani asijue pa kulenga. Ukweli hujulikana baadaye. Katika mchezo wa mwisho wa fainali ya 2013, Patrice Bergeron wa Boston alicheza akiwa na ubavu uliovunjika, bega lililotenguka na tundu dogo kwenye pafu. Zilipobaki sekunde 76 Boston walikuwa wanaongoza; Chicago wakasawazisha, na sekunde 17 baadaye wakafunga tena na kulichukua kombe. Mwaka 2023 Matthew Tkachuk wa Florida alicheza mchezo wa nne wa fainali akiwa amevunjika mfupa wa kifua, hata kuvaa jezi akahitaji kusaidiwa. Florida walipoteza fainali ile. Timu inayofika Juni si ile iliyoanza Oktoba, na mara nyingi hata si ile iliyoanza Aprili.

Hapa msomaji wa soka ana haki ya kunipinga: soka ina mabao machache zaidi, mbona klabu zilezile hutwaa mataji mwaka hadi mwaka? Jibu ni fedha. Klabu tajiri ya soka inaweza kuwanunua wachezaji wengi bora hadi pengo kati yake na wengine likawa kubwa kuliko bahati. NHL waliifunga njia hiyo. Baada ya mgogoro kati ya wamiliki na wachezaji kuufuta msimu wote wa 2004-05, uliwekwa ukomo wa mishahara ambao hakuna klabu inayoruhusiwa kuuvuka: dola milioni 39 katika msimu wa kwanza, dola milioni 95.5 katika msimu wa 2025-26. Ukishinda, wachezaji wako hupanda thamani, nawe huna nafasi ya kuwalipa wote, hivyo ushindi wenyewe huanza kuibomoa timu iliyouleta. New York Islanders walilitwaa kombe mara nne mfululizo kuanzia 1980 hadi 1983. Tangu wakati huo hakuna aliyefika hata mara tatu mfululizo.

Basi klabu ifanye nini? Kwa maoni yangu ni jambo moja tu: kujenga timu inayostahili, kisha kuacha kuibomoa kila inaposhindwa. Tampa Bay mwaka 2019 walishinda michezo 62, wakakutana na Columbus katika raundi ya kwanza, wakatolewa kwa michezo 4 kwa 0. Wengi walitaka timu ivunjwe. Haikuvunjwa, ule usiku wa vipindi vitano nilioutaja ulikuwa mchezo wao wa kwanza dhidi ya Columbus haohao mwaka uliofuata, na walilitwaa kombe mwaka 2020 na tena 2021. Florida walikuwa vinara wa ligi mwaka 2022 na pointi 122, wakatolewa na Tampa 4 kwa 0 katika raundi ya pili. Mwaka 2023, wakiwa na pointi 30 pungufu, walifika fainali. Mwaka 2024 waliongoza fainali 3 kwa 0 dhidi ya Edmonton Oilers, wakapoteza michezo mitatu mfululizo, na kuokoka katika wa saba kwa mabao 2 kwa 1. Mwaka 2025 wakawafunga tena Edmonton. Ukiniuliza ni ipi kati ya miaka hiyo minne Florida walikuwa bora zaidi, sitakujibu kwa kutazama vikombe.

Kanada, nchi iliyouzaa mchezo huu na ambayo ndiyo nyumbani kwa kombe lenyewe tangu Lord Stanley, gavana mkuu wa nchi hiyo, alitoe mwaka 1892, haijalichukua tangu Montreal Canadiens mwaka 1993. Watu hutafuta sababu: kodi, baridi, vyombo vya habari, mashabiki wanaowabana wachezaji hadi dukani. Huenda katika hayo mna kitu. Lakini kati ya 1994 na 2025 timu za Kanada zilifika fainali mara 8 na kushindwa mara zote 8, na katika 5 kati ya hizo zilishindwa katika mchezo wa saba. Mara nne kati ya hizo tano bao moja au mawili yangeenda upande wa pili, na leo hakuna ambaye angekuwa anaandika juu ya ukame.

Katika fainali ya 2024 aliyechaguliwa mchezaji bora wa mtoano wote alikuwa Connor McDavid, nahodha wa Edmonton, aliyekuwa amekusanya pointi 42, yaani mabao yake na pasi zake za mabao. Ni nadra sana tuzo hiyo kwenda kwa mtu wa timu iliyoshindwa. Jina lake lilitangazwa, tuzo ikiwa mezani juu ya barafu, naye hakutoka chumba cha kubadilishia nguo kuja kuichukua. Mwaka mmoja baadaye alishindwa tena na Florida haohao. Oktoba 2025, akiwa na uwezo wa kudai mshahara mkubwa kuliko mchezaji yeyote katika ligi, alisaini mkataba mpya wa miaka miwili kwa dola milioni 12.5 kwa mwaka, kiwango kilekile alichokuwa akilipwa, ili chini ya ukomo ule wa mishahara ibaki nafasi ya kuwalipa wengine watakaocheza pamoja naye.