Kazi ya shamba haihitaji kufundishwa? Si kweli

Wasimamizi wengi wa mashamba huamini kwamba kibarua hana haja ya mafunzo: mpe jembe, awafuate wenzake, atazoea. Lakini kuzoea si kujua.

Chukua kazi ya kunyunyizia dawa. Aliyeiga tu hubeba bomba mgongoni na kuanza. Aliyeelekezwa hujaribu kwanza kwa maji matupu: hupima eneo dogo, hulinyunyizia kwa mwendo wake wa kawaida, kisha huangalia ametumia lita ngapi. Hapo ndipo anapojua achanganye dawa kiasi gani. Akiona nozeli, yaani ncha inayotoa dawa, imelika, anasema ibadilishwe.

Huko kusema ndiko muhimu zaidi, kwa maoni yangu. Anayekaripiwa kila akiuliza hunyamaza hata dawa ikimvujia mgongoni. Anayeachiwa ajaribu, akasahihishwa bila kudhalilishwa, huuliza, na baadaye huwaelekeza wageni.

Wala mafunzo si hisani. Katika nchi zilizouridhia, Mkataba Namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unamtaka mwajiri awape wafanyakazi wa kilimo mafunzo ya usalama na maelekezo yanayoeleweka.