Krimu za kuondoa nywele: dhana potofu zinazotuunguza

Mtu akiungua kwapa au kinena kwa krimu ya kuondoa nywele, mara nyingi hasemi. Anaona haya, anafunga mlango na kujitibu kwa ushauri alionong'onezwa na shoga yake, na ushauri mwingi wa namna hiyo humzidishia jeraha. Hakuna sababu ya aibu. Dhana ninazozisikia mara kwa mara ni hizi, na ukweli wake.

"Ikiwasha, ujue inafanya kazi"

Naianza hii kwa sababu ndiyo ya hatari kuliko zote. Krimu nyingi za kuondoa nywele zina chumvi za asidi ya thioglikoliki, kemikali ya jamii ileile iliyotumika kwenye kalikiti (dawa ya kukunja nywele), zikiwa zimechanganywa na alkali kali. Kipimo chake cha pH, kinachoonyesha uasidi au ualkali, hufika 12 hivi, ilhali uso wa ngozi una pH inayokaribia 5. Alkali huuvimbisha unywele, kemikali ikakata viungo vya salfa vinavyoishikilia keratini, yaani protini inayoujenga unywele, na unywele ukalainika kama uji na kufutika.

Lakini tabaka la juu la ngozi nalo limejengwa kwa keratini, na krimu haichagui. Unywele huwahi kulainika, ngozi ikafuata. Kinachoiokoa ngozi ni ufupi wa muda tu. Kwa hiyo ukisikia inachoma, ngozi imeanza kuliwa. Ifute na kuisuuza papo hapo, hata kama dakika za kwenye pakiti hazijatimia na nywele bado zimesimama.

"Ukiiacha zaidi, inaua mzizi"

Haiui. Mzizi umo ndani ya ngozi na krimu hizi haziufikii. Hukata unywele usawa wa ngozi au chini yake kidogo, na baada ya siku chache nywele huota tena. Dakika za ziada hazikupi chochote ila kidonda. Soma kikomo kilichoandikwa kwenye pakiti yako, mara nyingi dakika 10 au pungufu, na utegeshe saa ya simu badala ya kukisia. Zikibaki nywele, usirudie siku hiyohiyo. Pakiti nyingi hutaka saa 72 zipite.

"Ngozi nyeusi ni ngumu, haiungui"

Hii inaniumiza, maana inatufanya tuchelewe. Maelezo mengi ya pakiti hukuambia uangalie wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa; utaona rangi ya zambarau, kijivu au weusi uliokolea, au usione kitu bali usikie joto, uvimbe na maumivu ukigusa. Amini unachokisikia, usingoje rangi. Halafu, ngozi yetu ikishapata uvimbe huacha madoa meusi yanayoweza kukaa miezi, na wenye asili ya makovu ya kuvimba wanaweza kupata kovu la kudumu pale jeraha lilipokuwa la kina. Anayeondoa nywele ili kwapa zing'ae anaweza kuishia na kwapa nyeusi kuliko alivyoanza.

"Nimeitumia miaka yote, haina shida na mimi"

Krimu ni ileile, ngozi je? Anayepaka mkorogo, hasa wenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), ngozi yake imekonda, na krimu aliyoizoea sasa inapenya kirahisi. Vivyo hivyo anayetumia dawa za chunusi zinazobabua ngozi, aliyenyoa kwa wembe jana, au aliyetoka kusuguliwa. Nawataja hasa bibi harusi wa pwani: singo, ule msuguo wa kung'arisha mwili, ni nzuri, lakini kupaka krimu ya nywele siku moja na singo ni kuipeleka ngozi iliyochubuliwa kwenye alkali. Na kama hujawahi kuitumia, wiki ya harusi si wakati wa kuanza.

Mzio nao unaweza kuzuka kwa kitu ulichokitumia muda mrefu. Mara nyingi huchukua siku moja hadi tatu kuonekana, ukawasha sana na kutoa vipele hata nje ya pale ulipopaka. Ndiyo sababu ya kupima kila unapotaka kutumia: paka kidogo sehemu ileile unayotaka kunyoa, kwa muda ulioandikwa, suuza, kisha subiri angalau saa 24.

Picha ya shubiri au asali kwenye pakiti haibadilishi kitu. Kemikali inayoondoa nywele ni ileile. Krimu ya miguu si ya uso, na wanaume wenye vipele vya ndevu wanaikosea hapo. Krimu iliyoandikwa ya kinena ni ya nje tu, pale nywele zinapoota. Haipakwi kwenye mashavu ya uke, korodani wala njia ya haja kubwa.

"Ukiungua, paka dawa ya meno, au ndimu ikate makali"

Dawa ya meno huwasha kidonda na kukichafua. Ndimu ni asidi juu ya ngozi iliyoungua, na jua likiipiga ngozi yenye maji ya ndimu huweza kuleta malengelenge mapya. Mafuta, unga na ute wa yai viache jikoni. Kinachotakiwa ni maji: futa krimu yote kwa kitambaa laini bila kusugua, kisha acha maji ya bomba ya baridi ya kawaida yatiririke juu yake dakika 20 au zaidi. Kama hakuna bomba, mimina kwa kopo polepole. Usitumie sabuni, nayo ni alkali, wala barafu. Vaa nguo ya pamba isiyobana, na usipake deodoranti wala manukato mpaka ngozi ipone.

Malengelenge usiyapasue. Nenda kituo cha afya yakitokea, au kama jeraha ni la usoni au sehemu za siri, ni kubwa kuliko kiganja chako, linatoa usaha, au una kisukari. Krimu ikiingia jichoni, safisha kwa maji dakika zisizopungua 15 kisha nenda siku hiyohiyo. Chukua pakiti au uipige picha, umwonyeshe daktari ulichopaka, na umwambie pia kama unatumia mkorogo, kwa sababu hilo linaweza kubadilisha dawa atakayokupa.