Je, wajua? Kwa nini mtoto anayetulia dakika 90 mbele ya mechi hawezi kutulia dakika 5 mbele ya kaye (daftari)

Timu ya TP Mazembe ikicheza Jumapili, mtoto wa miaka 8 pale Kamalondo, Lubumbashi, hukaa chini mbele ya televisheni ya jirani tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Ukimwuliza nani alipiga kona ya bao la pili, anakujibu bila kuwaza. Jumatatu jioni anawekewa kaye yenye hesabu 10 za kutoa. Kwenye ya pili biki imeanguka. Kwenye ya tatu ameomba maji. Kwenye ya nne yuko mlangoni, anatazama anayepita. Nyumba nzima inakata shauri: "Akitaka anaweza. Ni kichwa kigumu tu."

Hoja hiyo ina nguvu, na wengi wameiamini, wakiwemo walimu wenye uzoefu na watu wa afya. Walioikubali hawakosi upendo kwa mtoto. Wamekosea jambo moja tu: wanadhani umakini ni kama maji ndani ya bidoni, kwamba kama yamo, yatatoka popote utakapoyamimina. Basi kama yalitoka Jumapili yakakosa Jumatatu, mtoto ndiye aliyefunga kifuniko.

Umakini hauko hivyo. Kuna umakini unaovutwa na kuna umakini unaosukumwa. Mechi huvuta: mpira unasogea, watu wanapiga kelele, kila sekunde chache kuna habari mpya, na mtoto hahitaji kujilazimisha kwa lolote. Kaye haivuti mtu. Hesabu ya tano inafanana na ya nne, na faida yake iko mwisho wa muhula. Hapo mtoto lazima ajisukume mwenyewe kutoka ndani, na ni msukumo huo ulio dhaifu kwa mtoto mwenye shida ambayo madaktari wetu huiita kwa herufi za Kifaransa TDAH, yaani upungufu wa umakini pamoja na kutotulia kupita kiasi (kwa Kiingereza ADHD). Mechi ya Jumapili inathibitisha kwamba macho na masikio yake yanavutika. Kuhusu kujisukuma haisemi chochote.

Hata jina lenyewe limechangia kosa, kwa sababu linataja "upungufu wa umakini", kana kwamba kuna kipimo kimepungua. Kinachopungua ni uwezo wa kuuelekeza. Ndiyo maana mtoto huyohuyo anaweza kumaliza hesabu zote 10 leo kwa robo saa, na kesho asimalize 2. Kupandashuka huko ni sehemu ya tatizo, nako kumepimwa mara nyingi: watoto hawa wakiambiwa wabonyeze kitufe kila wanapoona alama, kasi yao hubadilika sana kutoka jaribio hadi jaribio, kuliko ya wenzao. Lakini nyumbani, alichoweza jana ndicho kinachotumiwa kama ushahidi dhidi yake leo. Hilo linaumiza, na halina msingi.

Tuchukue mfano wa mbabula, lile jiko la makaa. Usiku wa Juni au Julai, baridi ya Lubumbashi ikiingia hadi mifupani, mbabula moja yenye makaa mazuri iko katikati ya uwanja. Aliyekaa hatua moja anapata joto. Aliye hatua tatu anahisi kidogo, na aliye ukutani anaona wekundu tu. Faida ya kazi yoyote ni kama joto hilo, na umbali wake ni muda. Mtu mzima huhisi joto la mshahara ulio mbali siku 30, kwa hiyo anaamka asubuhi akaenda kazini. Mtoto wa kawaida wa miaka 8 huhisi joto la sifa atakayopewa jioni. Kwa mtoto mwenye TDAH joto hupoa haraka zaidi njiani, na likishavuka dakika chache anaona wekundu tu. Anajua mbabula iko pale. Ukimwuliza kwa nini asome, atakupa jibu sahihi kabisa. Ila kujua kwamba moto upo hakumpashi mtu joto.

Mwaka 1992, mtafiti Edmund Sonuga-Barke na wenzake huko Uingereza waliwapa watoto chaguo: pointi 1 baada ya sekunde 2, au pointi 2 baada ya sekunde 30. Watoto wasiotulia walielekea kuchukua ile 1 ya haraka. Kisha jaribio likapangwa upya ili kuchagua haraka kusifupishe muda wote wa kukaa pale. Wasiotulia wakasubiri pointi 2 kama wenzao. Kumbe sehemu ya kinachowakimbiza ni uzito wa kusubiri kwenyewe, wala si tamaa ya kidogo cha sasa peke yake. Kwao kusubiri bure ni adhabu, na kutikisa miguu, kuchezea biki na kuomba maji ni njia za kuipunguza.

Ndani ya ubongo kuna dalili za kuchelewa. Watafiti wa Marekani walipopiga picha za ubongo mara kwa mara na kuchapisha matokeo mwaka 2007, gamba la ubongo lilifikia unene wake wa juu karibu na miaka 7 na nusu kwa watoto wa kawaida, na karibu na miaka 10 na nusu kwa wenye TDAH. Kuchelewa kulionekana zaidi sehemu za mbele, zinazohusika na kujizuia na kupanga. Huo ni wastani wa watoto wengi. Picha ya mtoto mmoja haiwezi kumpa jibu daktari. Habari kwamba chanzo ni kemikali ya ubongo iitwayo dopamini nazo husemwa kwa uhakika uliozidi ushahidi wake.

Chanzo kikubwa ni urithi: tafiti za mapacha huweka mchango wake kati ya asilimia 70 na 80. Ukimwona mtoto wa namna hii, mara nyingi baba, mjomba au shangazi alikuwa vilevile. Kuzaliwa kabla ya siku, uzito mdogo wa kuzaliwa na pombe wakati wa mimba huongeza uwezekano. Sukari haimo. Majaribio ambayo wazazi wala watoto hawakujua nani amepewa sukari na nani kitamu kingine yalijumlishwa mwaka 1995, na tofauti ya tabia haikuonekana. Rangi za vyakula zina athari ndogo kwa baadhi ya watoto.

Kwa Lubumbashi, risasi, yaani ile metali nzito yenye sumu, inastahili mistari zaidi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza hapa mwaka 1911, na vipimo vya mkojo wa wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, vilivyochapishwa mwaka 2009, vilikuta kobalti, risasi na metali nyingine kwa viwango vya juu. Risasi hudhuru umakini wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote kilicho salama. Haifuati kwamba mtoto fulani wa karibu na bomba la kiwanda ana shida hii kwa sababu ya vumbi. Kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha kama risasi imemwingia mwilini. Wakati huohuo: piga deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kukavu, acha viatu nje, fua peke yake nguo za aliyetoka mgodini, osha mikono ya mtoto kabla ya kula, na betri ya gari isivunjwe uani. Chakula chenye nyanya au limao kisilale ndani ya sufuria iliyosubuliwa kwa mabaki ya alumini, kwani asidi huweza kutoa risasi iliyomo.

Kabla ya kumpa mtoto jina lolote, ondoa yanayofanana na TDAH. Mzibe jicho moja, kisha la pili, asome ubao kutoka kiti chake. Simama hatua tatu nyuma yake umwite kwa sauti ndogo. Tazama usingizi: mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, na anayekoroma kila usiku huenda ana tezi za koo zilizovimba. Upungufu wa damu, ugonjwa wa SS (selimundu) na malaria iliyopanda kichwani vyote vinaweza kuvuruga umakini. Mtoto aliyekimbia vita anaweza kuonekana hasikilizi, kumbe masikio yake yako barabarani, yanalinda.

Kuna kimoja ambacho hupita bila kuonekana. Mtoto anaandika, biki inasimama katikati ya neno, macho yanaganda, labda kope zinapepesa kidogo. Umwite, umguse, hajibu. Baada ya sekunde 10 anaendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea. Huo unaweza kuwa ni kifafa cha kuzubaa, na kina dawa yake. Anayewaza mambo mengine hushtuka ukimgusa bega, huyu hashtuki. Hesabu mara ngapi kwa siku, umweleze daktari.

Mtoto aliye mdogo kuliko wote darasani naye hupachikwa jina hili kwa urahisi. Anayefikisha miaka 6 Agosti hukaa na aliyefikisha Septemba iliyopita, na kwa umri huo miezi 11 ni mingi. TDAH ya kweli huanza kabla ya miaka 12, hudumu miezi 6 au zaidi, na huonekana zaidi ya mahali pamoja. Anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu ana shida nyingine.

Sasa matunzo. Dawa zipo, zinasaidia wengi, na ni kazi ya daktari. Yasiyo ya dawa yana kanuni moja: isogeze mbabula. Yaani faida iwe hapohapo, ionekane, ije mara nyingi.

Chukua chupa ya mayonezi iliyosafishwa, ya kioo, ili lundo lionekane likipanda. Kusanya vifuniko 50 vya chupa. Chagua matendo mawili tu, yanayoonekana kwa macho: "kaye iko mezani na biki mkononi", wala si "kuwa makini". Kila hesabu 2, kifuniko 1, na ukitie palepale ukisema alichofanya: "Umemaliza mbili bila kusimama." Hesabu zisizofikiwa zifunike kwa karatasi, aone mstari mmoja tu. Siku ya kwanza mpe vifuniko 3 vya kuanzia, avibadilishe kwa kitu ndani ya saa moja, la sivyo vifuniko vitabaki takataka machoni pake. Bei ziwe ndogo: kwa vifuniko 5 achague hadithi ya jioni, kwa 8 mpira dakika 20, kwa 10 mandazi.

Mara nyingi mpango huharibika kwa njia nne. Mzazi ananyang'anya kifuniko kilichokwisha kulipwa, na mtoto haiamini tena chupa. Zawadi inawekwa Jumapili, yaani mbabula imerudishwa ukutani. Matendo yanakuwa 7. Au zawadi zinachuja: baada ya wiki 2 au 3 lazima ubadilishe orodha. Tarajia pia siku za mwanzo kelele ziongezeke, kwa sababu kilio kilichokuwa kikimpatia alichotaka hakifanyi kazi tena naye atajaribu kukipaza. Wengi huacha hapo, siku chache kabla ya matokeo.

Muda nao uonekane. Gundisha vifuniko viwili vya chupa za plastiki mgongo kwa mgongo, toboa kwa msumari, tia mchanga mkavu uliochujwa, funga chupa mbili. Pima kwa saa mara 3, ongeza au punguza mchanga hadi uishe kwa dakika 10. Mchanga ukiisha, mtoto asimame, achote maji au azunguke nyumba, arudi. Masika unyevu huziba tundu. Kaanga mchanga kwenye sufuria kuukuu.

Unapomwagiza, mwendee karibu, mwite jina, ngoja akutazame, sema tendo moja, kisha nyamaza sekunde 5 hadi 10. "Vaa viatu" inafanya kazi. "Jitayarishe, ukachukue na mfuko, usisahau kaye" inaishia kwenye neno la kwanza. Kumchapa jioni kwa kosa la asubuhi ni mbali kama zawadi ya Jumapili, na kumchapa palepale huhamishia umakini wake kwenye fimbo, kaye ikabaki wazi.

Shuleni, tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure Septemba 2019, madarasa mengi yamejaa, kwa hiyo mwombe mwalimu kidogo: kiti cha mbele mbali na mlango, kazi ya kufuta ubao, na kadi ya malengo 2 anayoitia alama kabla ya mapumziko na kabla ya kutoka. Ni sekunde 20. Malipo hutolewa nyumbani siku hiyohiyo. Wiki ya kwanza lengo liwe rahisi kiasi cha kufikiwa siku nyingi.

Ushahidi una mipaka yake. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 1999, la watoto 579 kwa miezi 14, lilionyesha dawa iliyofuatiliwa vizuri ikipunguza dalili zaidi ya njia za malezi. Kufikia mwaka wa tatu tofauti kati ya makundi ilikuwa imetoweka. Na wapimaji wasiojua ni wazazi gani wamepata mafunzo ya malezi huona dalili zenyewe zikipungua kidogo tu, ila ugomvi unashuka na malezi yanakuwa bora. Kwa walio chini ya miaka 6, mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani huanza na mafunzo ya wazazi kabla ya dawa. Michezo ya kompyuta ya kunoa kumbukumbu humfanya mtoto awe hodari wa michezo hiyohiyo tu.

Mtoto akifikia lengo wiki 2 mfululizo, ongeza umbali polepole: kifuniko 1 kwa hesabu 3, kisha 4. Akianza kuanguka, rudi hatua moja nyuma siku hiyohiyo, bila kumlaumu.